Kimto cha Kimulimuli

Hebu niambie, wewe unayesikiliza: mtu akikuuliza unajisikiaje ukiwa unaruka angani, utamjibu nini? Usiseme hujawahi kuruka. Jibu tu. Kuna mwalimu mmoja wa udereva aliyeulizwa swali hilo kwa miaka arobaini na moja, sokoni, msibani, kwenye foleni ya benki, hata siku aliyokwenda kung'olewa jino, tena na daktari mwenyewe huku koleo likiwa mkononi. Kila mara alijibu vilevile: "Ni kama kuogelea, ila hulowi." Watu wakaridhika. Waliokuwa na watoto wakawageukia watoto wao na kuwaambia, umesikia?

Na kila alipojibu hivyo mbele ya Bi Futi, Bi Futi aliinama akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

Bi Futi alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa sababu ya futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi saa ya kulala, na marehemu mumewe alikuwa akiapa kwamba siku ya harusi yao ilibidi wazee wawili wamsihi ndipo akaivua. Alikuwa mfupi, mwepesi kama mtu aliyetengenezwa kwa vipande vilivyobaki. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alifunga kimto cha pini, cha mviringo, ukubwa wa nusu chungwa, alichokishona mwenyewe kwa kitambaa cha kochi na kukishindilia pamba. Pini zilizozidi alizibana midomoni. Kwa hiyo ukimuuliza jambo akiwa kazini alikujibu "mh", na hiyo "mh" uichukue utakavyo: ndiyo, hapana, ngoja kwanza, au nyamaza nahesabu.

Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, alishona nguo za televisheni. Studio yenyewe ilikuwa ukumbi mrefu uliowahi kuwa ghala la viti, na bado kulikuwa na viti vibovu kwenye kona moja, vimepandana hadi darini. Humo ndimo ilimotengenezwa michezo miwili iliyofanya mitaa ikauke watu. Jumamosi ilikuwa siku ya Kimulimuli, shujaa aliyewaka mwilini kama mdudu wa usiku na kuruka juu ya majengo kuwatafuta waovu. Jumatano ilikuwa zamu ya Jabali, ambaye hakuruka hata hatua moja. Yeye alitembea taratibu, akafika kwenye ukuta, akauambia ukuta samahani, kisha akapita katikati yake. Watoto walipenda sana ile samahani.

Sasa, watu wa miaka hiyo walikuwa na swali moja ambalo halikuwapa raha. Mbona Kimulimuli na Jabali hawakutani? Mji ni mmoja, waovu ni walewale, hata yule mama muuza magazeti anayeokolewa Jumamosi ndiye anayeokolewa Jumatano. Barua zilikuja kwa magunia. Wengine walisema hao ni ndugu waliogombana. Wengine walisema wakishikana mikono dunia itapasuka. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliandika kurasa kumi na nne kuthibitisha kwamba Jabali ndiye Kimulimuli akiwa amechoka.

Ukweli ni kwamba joho lilikuwa moja. Bi Futi alipewa kitambaa cha joho moja tu, akakaa nacho siku mbili akikitazama, kisha akalishona lenye pande mbili: upande mmoja satini nyeupe inayong'aa, upande wa pili mahameli nyeusi. Jumamosi satini nje, Jumatano mahameli nje. Televisheni zenyewe hazikuwa na rangi, nani angejua? Lakini mashujaa wawili hawawezi kusimama pamoja ikiwa mmoja amevaa mgongo wa mwenzake. Hiyo ndiyo siri iliyofanya dunia isipasuke.

Siri ya pili ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Siku ya kwanza ya kurusha shujaa, Mzee Kofia, aliyekuwa mwongozaji wa michezo yote miwili na aliyeitwa hivyo kwa kofia ambayo hakuivua hata ndani, alimwambia mwalimu wa udereva apande ngazi. Wakati huo hakuwa mwalimu wa udereva, alikuwa kijana aliyeigiza Kimulimuli, mzuri wa sura, meno yamepangika. Alipanda vidato vitatu. Kwenye kidato cha tatu magoti yakaanza kugongana yenyewe kwa yenyewe, akasema anashuka kidogo kunywa maji. Alishuka, akanywa maji, akarudi, akafika kidato cha tatu, akasema anashuka kukojoa. Hivyo hivyo mpaka saa nane mchana. Bi Futi alikuwa ameshatangulia juu, ameketi kwenye boriti miguu ikining'inia, pini mdomoni, akimsubiri shujaa afike ili ambane joho mabegani. Mzee Kofia akainua uso akamwona. Akauliza kwani yeye haogopi. "Mh," akasema Bi Futi. Mzee Kofia akasema basi wewe uko juu tayari, vaa hilo joho, vaa mkanda, tazama ukuta usigeuke.

Kisha akatoa amri ambayo ingerudiwa kila wiki kwa miaka mitatu: watu wote nje, abaki mwenye kamera na mshika kamba.

Ulikuwa ukuta uliochorwa mji: madirisha, mabomba ya moshi, mwezi uliokwenda upande. Mshika kamba akavuta, boriti ikaachana na makalio ya Bi Futi, feni kubwa ikawashwa, na joho likajaa upepo kama shuka kwenye kamba ya kuanikia. Alitaka kucheka lakini alikuwa na pini mdomoni. Basi kicheko kikapita kwingine, kikashuka tumboni, kikaenda magotini, kikatokea vidoleni, mwili mzima ukawa unatetemeka kwa kicheko kisichokuwa na mlango. Watazamaji walipoona ule mtetemo Jumamosi, walisema tazama nguvu zinavyomjaa.

Na ndipo lilipotokea kosa ambalo fundi cherehani peke yake angeweza kulifanya. Alisahau kuvua kimto cha pini. Kikaonekana kwenye mkono wa shujaa, cheupe, cha mviringo, na vichwa vya pini vikimetameta kwenye taa. Mzee Kofia alipogundua alishika kofia yake kwa mikono miwili. Lakini wiki iliyofuata barua zilizokuja hazikuwa za kucheka. Zilikuwa zinauliza kile kifaa kinatumia betri gani. Watoto wote mjini wakakata sponji za kuoshea vyombo na kuzifunga mikononi, na mama zao wakaosha sufuria kwa vidole.

Tangu siku hiyo Bi Futi aliamriwa asiruke bila kimto. Akaapishwa pia asiseme, yeye na mwenye kamera na mshika kamba, kwa sababu watoto wanaamini, na kwa sababu yule kijana wa meno mazuri alilia siku ile nyuma ya viti vibovu. Bi Futi aliapa kwa "mh".

Miaka ikapita. Michezo ikaisha, Mzee Kofia akafariki, mwenye kamera na mshika kamba nao wakamfuata. Kijana akawa mwalimu wa udereva, mwenye tumbo, anayekanyaga breki hata akiwa ameketi kwake kwenye kochi. Jabali, ambaye kifua chake chote kilikuwa pamba, alirudi kwenye kazi ya baba yake ya kutengeneza saa, akakaa dukani na kioo chake cha jichoni akihangaika na skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Na Bi Futi akaendelea kushona, chumbani kwake nyuma ya duka la vioo, akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na wifi.

Huyo wifi ndiye aliyekuwa jaribu lake. Alikuwa mstaafu wa posta, mpangaji wa barua, mwenye kumbukumbu kama sanduku la chuma, na alikuwa mshabiki wa Kimulimuli tangu siku ya kwanza. Walikaa nyumba moja, wakigawana jiko, redio na maneno. Wifi alikuwa na daftari la picha zilizokatwa magazetini. Alikuwa na sponji yake ya zamani kwenye kikopo cha biskuti, imekauka kama mkate. Na alikuwa na hoja ambayo hakuna aliyewahi kumshinda nayo: Kimulimuli akiwa chini hanacho kile kifaa, akiwa angani anacho, kwa hiyo kifaa ndicho kinachorusha. Bi Futi alikuwa akiisikia hoja hiyo kila mwezi na kuona kwamba, ukiacha ukweli, haina kasoro.

"Lakini nani ninamweleza," wifi alimalizia kila mara. "Wewe wifi ulikuwa palepale, mita mbili, na hukuona kitu. Ulikuwa umeinamia mapindo."

"Mh," akajibu Bi Futi.

Usidhani haikumuuma. Mtu anaweza kuweka siri ya mtu mwingine kwa moyo mweupe, na bado jioni, akiosha sahani, akataka kusema neno moja tu kwa yule anayepangusa. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Hakutaka sifa, hakutaka picha yake gazetini. Alitaka siku moja tu aulizwe yeye lile swali, kwa sababu jibu la kuogelea lilikuwa si la kweli, na jibu la kweli alikuwa nalo.

Basi asubuhi moja akabisha hodi mwanamke wa makamo mwenye kofia. Bi Futi aliijua kofia kabla ya kuujua uso. Alikuwa binti wa Mzee Kofia, yule aliyekuwa akicheza chini ya meza za studio na kutolewa nje na biskuti moja kila amri ilipotoka. Naye sasa alikuwa mwongozaji. Alikunywa chai vikombe vitatu huku akizungumza haraka, mikono ikichora hewani. Televisheni inataka kipindi kimoja cha kumbukumbu. Kimulimuli na Jabali, kwa mara ya kwanza, pamoja. Kuna mwovu aitwaye Mla Taa, amezimeza taa zote za mji, mashujaa wamezeeka, hawapendani kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka, lakini itabidi wasaidiane. Na mwisho Kimulimuli anamshika Jabali mkono na kuruka naye, Jabali ambaye hajawahi kuinua unyayo. Wazee wote wawili wamekubali. Studio ni ileile, ila wamepewa kwa siku moja, mpaka saa kumi jioni. Ombi lake kwa mama ni nguo tu. Majoho mawili.

"Mawili?" akauliza Bi Futi, na sauti yake ikapanda kidogo.

"Mawili, mama. Kila mtu na lake."

Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya mandazi kwa muda mrefu kuliko mandazi yalivyohitaji, akaweka sahani chini akaomba kuketi. Akauliza kama wanaruhusu watu kutazama. Akaambiwa karibu sana. Akaenda chumbani kwake, na kikasikika kikopo cha biskuti kikifunguliwa.

Siku za kupima zilikuwa sherehe. Kimulimuli alikuja moja kwa moja kutoka kufundisha, akiwa bado na kibao cha "mwanafunzi" kwapani. Kiuno chake kilikuwa inchi ishirini na nane enzi zile. Bi Futi alizungusha futi, akasoma, akaizungusha tena kwa huruma, ikasema arobaini na nne. Mzee akamwambia aandike arobaini halafu ashone arobaini na nne. Jabali naye alijaa mlango mzima, sauti yake nyembamba ileile ya samahani. Alipouliza kama kifua kitahitaji pamba, Bi Futi alimtazama juu mpaka chini akamwambia pamba ipo, imeshuka tu. Jabali alicheka mpaka kioo cha jichoni kikadondokea ndani ya kikombe.

Jabali ndiye aliyekuwa na furaha isiyojificha. Alimwambia fundi, huku amenyoosha mikono apimwe, kwamba miaka ile yote alikuwa akienda nyumbani Jumatano baada ya kupita kwenye kuta za karatasi, na Jumamosi anaketi na watoto wa jirani kumtazama mwenzake akiruka, na moyo wake unasema na mimi je. Sasa amepata. Amenunua soksi mpya. Kimulimuli alikuwa akivaa viatu pembeni, na kamba ya kiatu ikamshinda kufunga.

Siku yenyewe ilifika. Ile studio ilikuwa imepakwa rangi, ila viti vibovu vilikuwa palepale kwenye kona, kama vile hakuna serikali inayoweza kuvihamisha. Ukuta ulikuwa umechorwa upya, na Binti Kofia alikuwa amemwambia mchoraji mwezi uende upande, makusudi. Juu kulikuwa na makapi mawili mapya ya chuma ya kupitishia kamba, na fundi wa kamba alikuwa ameyajaribu tangu alfajiri kwa magunia manne ya mchanga. Mashabiki thelathini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wengi wao wana mvi, kila mmoja na sponji mkononi: za njano, za kijani, moja ya waridi. Wifi alikuwa mbele kabisa. Yake peke yake ilikuwa ya enzi zile, na alihakikisha kila mtu anaigusa.

Bi Futi alikuwa kwenye kazi yake, kimto mkononi, pini nne mdomoni, akipiga bandi pindo la joho la Jabali. Kwenye mkoba wake, chini ya mkasi na chaki, alikuwa ameweka lile joho la zamani la pande mbili. Kwa nini alilibeba? Mwenyewe angekwambia kwa bahati tu.

Mambo ya chini yalikwenda vizuri kupita kiasi. Mla Taa, ambaye alikuwa mhasibu wa televisheni aliyejitolea, alifoka vizuri. Jabali alipita ukutani, na alipouambia ukuta samahani, mabenchi yote yakaitikia pamoja naye, wazee wazima, wengine machozi yakiwatoka. Mashujaa wakatazamana, wakasogeleana, wakashikana mikono kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na moja. Dunia haikupasuka. Mwanaume mmoja nyuma alisema, "Mimi nilisema," ingawa hakuna aliyemkumbuka akisema.

Kisha ikafika zamu ya kuruka. Mafundi wakaleta kifaa walichokitengeneza kwa ajili ya mkono wa Kimulimuli: cha plastiki, kina taa nyekundu, ukikibonyeza kinalia pii. Wifi alikitazama kama mtu aliyeletewa chai baridi. Lakini alikuwa ameshamkaribia shujaa wake kuliko siku zote, hatua mbili tu, akashindwa kujizuia. Akarekebisha sponji yake, akauliza kwa sauti ndogo ambayo Bi Futi hakuwahi kuisikia ndani ya nyumba yao.

"Kaka, samahani. Unajisikiaje ukiwa kule juu?"

Mzee alifungua kinywa. Alisema, ni kama. Akaishia hapo. Macho yake yalimpita wifi, yakaenda mpaka kwa fundi aliyepiga magoti na pindo mkononi, na lile jibu la kuogelea halikutoka. Akasema ngoja kwanza, nipande.

Alipanda kidato cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha tatu joho lote jipya la inchi arobaini na nne likaanza kutikisika, na feni ilikuwa bado haijawashwa.

Akashuka kunywa maji.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro. Alipanda tena, akashuka tena. Binti Kofia alikuja, akamshika kiwiko kwa heshima, akamuuliza baba kama anaumwa. Ndipo mzee akamvuta yeye na Bi Futi mpaka kwenye ile kona ya viti vibovu, palepale alipolia akiwa kijana, akamweleza yote kwa maneno machache. Binti Kofia alisikiliza bila kupepesa. Kisha akaketi kwenye kiti chenye miguu mitatu, akakaribia kuanguka, akaanza kucheka taratibu. Alisema biskuti zile. Biskuti zote zile alizopewa atoke nje. Yeye siku zote alidhani ni kwa sababu alikuwa akipiga kelele.

Mzee hakucheka. Alimgeukia Bi Futi, akamwomba lile aliloamriwa mara ya kwanza. Mara moja tu, dada, kama zamani, kwa mgongo.

"Mh," akasema Bi Futi, na mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkoba.

Joho la zamani lilikuwa na harufu ya dawa ya nondo na bado lilimtosha. Binti Kofia alimuuliza mara tatu kama yuko sawa, kama mgongo hauumi, kama daktari anaruhusu, naye akafunga mkanda mwenyewe, akaukaza mpaka tundu lake la zamani, akaupiga kofi kuuonyesha umeshika. Ndipo Binti Kofia akasimama katikati ya ukumbi, akaiweka kofia yake vizuri, akatoa amri ya baba yake. Watu wote nje, abaki mwenye kamera na mshika kamba. Mabenchi yalinung'unika. Wifi alitoka wa mwisho, akigeuka kila hatua mbili, akimwambia Kimulimuli asiogope kitu. Mlango ukafungwa. Ulikuwa na kidirisha cha kioo cha mviringo, na Binti Kofia akakiziba kwa karatasi.

Bi Futi alipanda ngazi kama mtu anayekwenda juu kuchukua chumvi. Miaka sitini na minne, na miguu haikuuliza swali. Jabali alikuwa ameshafungwa kwenye kapi lake, ameketi hewani na soksi zake mpya, nusu mita kutoka kwenye boriti, na tayari alikuwa akijichekea. Alipomwona aliyekuja kumshika mkono, alitazama uso, akatazama kimto, akatazama uso tena. Kisha akaguna taratibu kama saa iliyokuwa imesimama miaka mingi ikaguswa mahali panapostahili.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Mshika kamba akavuta. Mwalimu wa udereva, aliyeomba angalau awashe feni, akawasha feni. Na boriti ikamwachia Bi Futi.

Ee, ilikuwa palepale. Kicheko kilikuwa kimemsubiri huko juu muda wote, kama paka anayemsubiri mwenye nyumba mlangoni. Kilimwingia tumboni, kikashuka magotini, na Jabali upande wa pili alikuwa akipiga mateke hewani na kusema samahani kwa mabomba ya moshi yaliyochorwa, moja baada ya jingine. Kilo mia na ushei za fundi saa zikawa zinayumba kama tiara. Mkono wake mkubwa ulikuwa umejaa jasho. Mji ulipita chini yao, madirisha, mwezi wa upande, na joho lilivuma, satini nje, mahameli ndani, kisha upepo ukaligeuza, mahameli nje, satini ndani, na kwa mara ya kwanza haikuwa na shida yoyote.

Chini Binti Kofia alikuwa akiita kwa furaha. Vizuri sana, mama. Tazama ukuta. Mgongo hivyo hivyo. Usigeuke.

Hapo kwenye mlango, ile karatasi iliyoziba kidirisha ikaachia kona moja, halafu ya pili, ikadondoka. Palikuwa na jicho. Palikuwa na pua iliyobandikwa kwenye kioo mpaka ikawa bapa, na pembeni yake mkono ulioinuliwa, na kwenye mkono sponji kavu kama mkate. Jicho lilikuwa linatazama juu, kwenye kile kimto. Liliona mgongo na joho tu. Lilikuwa linang'aa kwa furaha, na halikujua linamtazama nani.

Bi Futi alikwenda upande mmoja wa ukumbi, akarudi. Alikwenda tena. Akasema jambo, lakini lilitoka "mh".

Mwalimu wa udereva alikuwa karibu na feni, nywele chache alizobakiwa nazo zimesimama. Alisikia. Katika miaka yote hiyo alikuwa mtu pekee aliyejua kwamba "mh" hizo hazifanani. Akageuka akaliona jicho la mlangoni. Akatazama juu. Mzee mwenye joho jipya lisilo na kazi akainama akapunguza upepo wa feni mpaka ukawa kama pumzi.

"Dada," akasema. "Toa hizo pini mdomoni. Una neno hapo tangu mwaka ule."

Mshika kamba akaacha kuvuta. Jabali akaacha mateke. Bi Futi akaning'inia juu ya mji, akaleta mkono wa kulia mdomoni, akatoa pini ya kwanza, akaichoma kwenye kimto. Ya pili. Ya tatu alikuwa ameiuma sana, ikamchukua muda. Ya nne. Akapitisha ulimi kwenye midomo, kwa mara ya kwanza akiwa angani.

"Mwanangu," akamwambia Binti Kofia, "nimeruka miaka mitatu natazama ukuta. Nataka kugeuka. Nataka kamera inione uso, na huo mlango ufunguliwe, wifi yangu aingie, aje aniulize mimi."